Safari ya Utulivu: Kutoka Tunduma Hadi Ufukwe wa Matema

Mama mwenzetu, ni lini mara ya mwisho wewe na baba watoto mlikaa pamoja saa nzima, bila redio, bila simu, bila mgeni mlangoni, mkazungumza? Sisi tulipojiuliza swali hilo miaka miwili iliyopita hatukupata jibu. Ndipo tulipoanza kupanga safari tunayotaka kuwasimulia leo.

Sisi ni wakazi wa Tunduma. Anayeufahamu mji wetu anajua kwamba haulali. Malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo hupanga foleni usiku na mchana, na nyumba zilizo karibu na barabara kuu hutikisika. Katika nyumba yetu mama ni muuguzi wa zamu, na baba hufanya kazi za uwakala wa forodha mpakani. Mmoja akirudi, mwingine anatoka. Jumapili asubuhi tuko kanisani, na jioni tunawatembelea wagonjwa. Tulijisifu kwamba hatuna muda wa kugombana.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo hatukulisema. Mwaka mmoja kabla ya hapo tulikuwa tumempoteza mtoto. Mimba ilikuwa ya miezi saba, na mtoto alizaliwa akiwa amekwisha kufariki. Tulimzika, ndugu wakaja, wakaondoka, na sisi tukarudi kazini. Mama alirudi katika wodi ile ile ya wazazi, akawapokea watoto wa wenzake. Baba akaongeza saa za kazi. Hatukulizungumza tena jambo lile, hata siku moja.

Siku moja jirani yetu alituita pembeni, akatueleza kwamba mtoto wetu wa pili, aliyekuwa na umri wa miaka tisa, amemwuliza kama baba na mama wamegombana, maana nyumbani hawaongei. Tuliona aibu. Tunawashauri watu wengine kila siku, na mtoto wetu anakwenda kuuliza habari zetu kwa jirani.

Kwanza: kubalianeni mnakwenda kufanya nini

Familia nyingi husafiri, lakini husafiri kwa msiba, harusi au kuwasalimia wazazi. Safari hizo ni za lazima na zina heri yake, ila si za kupumzika. Mama akifika ukweni huvaa kitenge chake na kuingia jikoni. Hatusemi asifanye hivyo. Tunasema tu kwamba yafaa kuwe na safari nyingine, hata moja katika miaka kadhaa, ambayo kazi yake ni mapumziko.

Wengine wetu huona haya kutumia fedha kwa jambo kama hilo. Tukumbuke kwamba katika Injili ya Marko, sura ya 6, Bwana Yesu alipoona wanafunzi wake wamezidiwa na watu, aliwachukua kando wakapumzike. Ikiwa wao walihitaji, sisi ni akina nani?

Tulikaa tukaandika katika daftari sheria nne za safari yetu:

1. Tutatembelea mahali pamoja tu kwa siku. Hatutakimbizana.
2. Redio ya gari itazimwa. Simu moja itawashwa nusu saa kila jioni kwa ajili ya dharura.
3. Mama hatapika.
4. Hatutafikia kwa ndugu, bali tutalala nyumba za wageni, ili asiwepo wa kutuhudumia wala wa kuhudumiwa.

Sheria ya nne ilileta maneno kidogo, kwa kuwa tuna ndugu Mbeya. Tuliwapigia simu mapema, tukawaeleza, nao wakatuelewa. Ukificha, itakuwa ugomvi.

Fedha na majira

Tulianza kuweka akiba mwezi wa Septemba. Kila Jumamosi mama alitia shilingi 10,000 katika kibubu, na baba alitia 10,000. Kwa wiki 40 hadi mwishoni mwa Juni tulipata shilingi 800,000. Tuligawa katika bahasha tano: mafuta ya gari, malazi, chakula, viingilio na waongozaji, na dharura. Bahasha ya dharura haikuguswa mpaka tuliporudi, na huo ndio uliokuwa mwanzo wa kibubu cha safari nyingine.

Tulichagua kipindi cha Juni na Julai kwa sababu mbili. Shule zimefungwa, na mvua kubwa zimekwisha. Wilaya za Rungwe na Kyela hupata mvua nyingi sana, na mwezi wa Aprili njia za milimani huteleza vibaya. Ubaya wa Juni ni baridi ya milimani, lakini hiyo ina dawa yake, nayo ni sweta.

Njia yenyewe

Kutoka Tunduma hadi Matema hazifiki kilometa 300. Mtu mwenye haraka huzimaliza kwa siku moja. Sisi tuliondoka siku ya Jumanne alfajiri kwa Noah tuliyoazima kwa shemeji, baada ya fundi kukagua breki, matairi na taa. Tulikwenda kwa siku tatu.

Siku ya kwanza mahali petu palikuwa Kimondo cha Mbozi. Wengi tunaoishi mkoa huu wa Songwe, uliozaliwa mwaka 2016 baada ya kugawanywa mkoa wa Mbeya, hatujawahi kukiona, ingawa wageni huja kutoka mbali. Ukipita Vwawa na Mlowo, katikati ya mashamba ya kahawa, kuna njia inayoingia hadi karibu na kijiji cha Ndolezi. Hapo limelala jiwe la chuma lililoanguka kutoka angani, lenye urefu wa kama meta tatu. Uzito wake hukisiwa kuwa kati ya tani 12 na 16. Wenyeji walilijua tangu zamani, na habari zake zilienea nje mwaka 1930. Sehemu kubwa yake ni chuma, na iliyobaki nyingi ni nikeli. Mtoto wetu mdogo aliweka kiganja chake juu yake, akauliza kama bado lina joto la angani. Tulikaa pale chini ya miti kwa saa moja. Baba alitazama saa yake mara nyingi siku hiyo.

Baada ya hapo tulipita Mbalizi na Mbeya mjini. Dereva, uwe mwangalifu sana katika mteremko kati ya Iwambi na Mbalizi, hasa wakati wa kurudi. Malori hushuka yakiwa na mizigo mizito, na ajali zimekuwa zikitokea hapo. Teremka kwa gia ndogo, usitegemee breki peke yake, wala usilifuate lori kwa karibu. Ukifika Uyole unaiacha barabara ya Dar es Salaam na kuingia kulia, barabara ya Tukuyu. Hapo nchi inabadilika. Unaona viazi, kisha migomba, kisha chai. Asubuhi na jioni ukungu huweza kuifunika barabara, kwa hiyo tulihakikisha tunafika Tukuyu kabla ya giza.

Siku ya pili ilikuwa ya Ziwa Ngozi. Njia ya kwenda huko huanzia upande wa Isongole ya Rungwe, si ile ya Ileje. Ziwa lenyewe limo ndani ya shimo la volkano katika milima ya Poroto, na ukingo wake una kimo cha meta 2,600 hivi kutoka usawa wa bahari. Urefu wa ziwa ni kama kilometa mbili na nusu. Huwezi kuliona mpaka umefika juu kabisa. Unapanda kwa miguu katika msitu wa mvua wenye kuvumwani mitini, hadi ghafla msitu unakoma na maji yanaonekana chini sana, yamezungukwa na kuta za kijani. Tulimchukua mwongozaji wa pale pale, tukaanza mapema, na hatukuteremka hadi majini, maana mteremko ni mkali na tulikuwa na watoto. Shikeni watoto mkono mnapofika ukingoni.

Katika misitu ya Mlima Rungwe ulio jirani huishi kima aitwaye kipunji, ambaye wanasayansi walimtangaza kwa dunia mwaka 2005 tu. Hatukumwona. Tulisikia ndege, upepo na pumzi zetu wenyewe. Mtoto wetu mkubwa, ambaye siku ya kwanza alinung'unika juu ya simu, alisema kwamba hajawahi kusikia mahali pasipo na gari.

Watoto walililia pia Daraja la Mungu, yaani lile daraja la mwamba lililojengwa na volkano juu ya mto Kiwira, na maji ya Kijungu yaliyo karibu nalo. Tuliwaambia hapana, mahali ni pamoja tu kwa siku. Waliona tu wakali, nasi tulikaribia kulegea. Tunafurahi kwamba hatukulegea.

Jiko lisisafiri

Akina mama, hapa ndipo safari nyingi za familia huharibikia. Mama hukesha usiku kucha akikaanga maandazi na kuku, hupakia sufuria, jiko la mkaa, unga na mafuta, hufika amechoka, kisha anawasha moto. Mama aliyehamisha jiko lake kutoka Tunduma kulipeleka Matema hajapumzika. Amebadilisha tu mahali pa kupikia.

Sisi tulibeba chupa mbili za chai, mikate, karanga, ndizi na maji ya kunywa. Chakula cha mchana tulikula kwa mama lishe au katika nyumba tuliyofikia. Chakula cha jioni tuliagiza asubuhi, ili wenyeji wapate nafasi ya kununua samaki. Kuwaandaa watoto asubuhi ilikuwa kazi ya baba na mtoto mkubwa. Siku ya Ijumaa baba alifua nguo za watoto bombani, na akina mama waliokuwa wanateka maji walicheka sana. Mmoja wao aliuliza kama mkewe ni mgonjwa. Baba alijibu, "Hapana, dada zangu, yuko likizo." Neno hilo tunalikumbuka hadi leo.

Afya njiani

Kwa kuwa uuguzi ndiyo kazi yetu, tuongeze machache.

Malaria. Tukuyu kuna baridi, lakini Kyela na Matema ni bonde lenye joto, na ufukwe uko kwenye kimo cha chini ya meta 500. Kuna mbu wengi. Bebeni vyandarua vyenu hata mkiambiwa vipo, na wavalisheni watoto nguo za mikono mirefu jioni. Homa yoyote baada ya safari, hata wiki mbili baadaye, ipimwe, na msikisie.

Kichocho. Ugonjwa huu upo katika Ziwa Nyasa. Konokono wanaoubeba hupenda maji yaliyotulia yenye majani na matete, na midomo ya mito. Ogeni penye mchanga na mawimbi, na jikausheni mara mtokapo majini. Hiyo hupunguza hatari, lakini haiiondoi kabisa. Baada ya wiki sita hadi nane nendeni hospitali mkapimwe, na mkikutwa nao dawa ya prazikwanteli inatibu vizuri. Msiimeze mara tu mtokapo ziwani, kwani haiwaui minyoo wachanga. Mtoto akikojoa damu, msingoje.

Mamba. Waulizeni wenyeji mahali salama pa kuoga, hasa karibu na mito, na muwatii.

Mama mjamzito. Zungumza kwanza na mkunga wako, beba kadi ya kliniki, na usimame kunyosha miguu kila baada ya saa moja au mbili.

Sanduku la dawa. Dawa ya homa na maumivu, chumvichumvi za kuongeza maji mwilini, bandeji, pamba, dawa ya kusafisha vidonda, na dawa zote ambazo mtu humeza kila siku nyumbani. Matema ina hospitali ya Kilutheri, na ni vizuri kujua ilipo kabla ya kuihitaji.

Matema

Alhamisi tuliteremka kutoka Tukuyu. Katika mwendo wa asubuhi moja tulivua masweta na kubaki na kanga mabegani. Migomba ilifuatwa na kakao, michikichi na mashamba ya mpunga wa Kyela. Kutoka Kikusya barabara huelekea Ipinda na kuishia Matema, kilometa 39 hivi.

Matema ni mwisho wa nchi na mwanzo wa maji. Ziwa Nyasa ni refu kama kilometa 570, na kina chake hupita meta 700. Upande wa mashariki Milima ya Livingstone, iliyopewa jina la mmisionari David Livingstone aliyefika ziwa hili mwaka 1859, imesimama moja kwa moja kutoka majini kama ukuta. Asubuhi wavuvi hurudi na mitumbwi ya magogo, wakiwa na dagaa, na wakibahatika, mbasa.

Ijumaa hatukufanya lolote. Watoto walijenga nyumba za mchanga. Jioni, walipokuwa wamelala, sisi tulikaa mbele ya ziwa. Mwanzoni tulizungumza mambo ya karo. Kisha maneno ya karo yakaisha, na hatukuwa na redio wala simu ya kukimbilia. Tulikaa kimya muda mrefu. Kisha baba akasema, "Mama, mimi nimekwenda kule makaburini mara mbili peke yangu. Sikukwambia."

Mama alijibu, "Nilidhani umesahau."

"Nilidhani wewe hutaki kukumbushwa."

Kwa miezi ishirini na mmoja kila mmoja wetu alikuwa akimhifadhi mwenzake kwa kunyamaza, na kila mmoja alikuwa akimhesabia mwenzake kwamba hana huzuni. Tulilia usiku ule. Tulimpa mtoto wetu jina, kwa kuwa alizikwa bila jina. Hilo jina tutabaki nalo sisi wenyewe.

Jumamosi tulikwenda soko la Lyulilo, mwendo mfupi kufuata ufukwe. Huko akina mama wa Kikisi kutoka Ikombe huleta vyungu vyao kwa mitumbwi. Hufinyanga kwa mikono, na vyungu hivyo husafiri hadi Mbeya na zaidi. Tulinunua kimoja kidogo. Jumapili tulisali na wenyeji, na watoto wakatambulishwa kanisani kama wageni kutoka Songwe. Jumatatu tukarudi nyumbani.

Kwa asiye na gari, fedha au siku saba

Huna gari? Kuna mabasi madogo kutoka Tunduma hadi Mbeya, na kutoka Mbeya hadi Tukuyu na Kyela, na kutoka Kyela yapo magari ya Matema. Safirini asubuhi, kwa sababu mchana wa jua kali gari lililojaa huwachosha watoto. Tumieni siku nzima kwa hatua moja badala ya kuunganisha usiku.

Huna siku saba? Nendeni siku mbili, mlale Tukuyu. Huna fedha hizo? Nendeni Kimondo asubuhi na kurudi jioni, na muwe mmezima simu. Mwenye siku nyingi zaidi anaweza kupanda uwanda wa Kitulo, ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu, uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005 kwa ajili ya maua yake. Maua huchanua hasa kati ya Desemba na Aprili, wakati wa mvua, kwa hiyo ulizieni hali ya barabara kwanza. Sisi tumeiweka hiyo katika daftari.

Tuliporudi Tunduma malori yalikuwa pale pale. Zamu za usiku zinaendelea, na bado tunachoka na kujibizana. Lakini kila Alhamisi jioni, kama wote wawili tupo, tunazima simu na kukaa uani nusu saa. Chungu cha Ikombe kipo dirishani, na watoto wanajua kwamba wakati huo hatuitwi isipokuwa kuna damu au moto.

Na mwaka huu, siku ya kumbukumbu ya mtoto wetu, tulikwenda makaburini wote watano.

Mama mpendwa, usingoje mpaka fedha zote zipatikane ndipo uanze kupanga. Chukua daftari leo jioni, keti na baba watoto, na muandike tarehe.